Mbwa Wasio na Harufu

Dar es Salaam
14 Machi 1998

Guku wangu Ndaki,

Mwangaluka. Mimi ni mzima, sijui wewe na mguu wako. Barua hii nimempa mtu wa reli aje nayo mkononi, maana tunasikia mvua imekata njia, kwa hiyo sijui utaisoma ukiwa na umri gani. Msalimie bibi Nyanzala, na mama. Baba mwambie barua yake niliipata, nitaijibu nikitulia.

Kazi ya kupiga chapa inaendelea. Ofisini wameleta kompyuta inayopiga simu. Ikishapokelewa huko ilikopiga, unaandikiana na mtu wa Ulaya kabla chai haijapoa. Jioni bosi akiondoka huniachia nijifunze.

Sasa usicheke, Babu. Kuna chama cha watu waliotawanyika dunia nzima ambao wanafuga mbwa na paka ndani ya kompyuta. Hawapo, ila wapo. Ni michoro inayotembea, inakula, inanuna, inamjua mwenyewe. Na watu hao wana maonyesho, kama yale ya ng'ombe. Kila mtu humpiga picha mnyama wake, anaituma, waamuzi wanapanga nani wa kwanza, nani wa pili. Mshindi hupewa utepe, nao wa kuchorwa vilevile. Waamuzi ni wachache. Nikaomba, wakanipokea kama mwamuzi mwanafunzi. Mwalimu wangu anaitwa Aurélie, yuko Ubelgiji, mkali kuliko mwalimu mkuu wetu wa Kasekese. Ameniletea kundi la mbwa wa kuanzia, nami kila nikiwatazama naona wote wazuri. Akaniandikia: "Mwamuzi anayeona wote wazuri bado hajatazama."

Wewe walikuwa wanakuita kuamua ng'ombe kwenye maonyesho ya Saba Saba pale Mpanda mjini, bwana mifugo akikufuata nyuma. Nifundishe. Mtu anaanza kutazama wapi?

Mjukuu wako,
Kabula Manyanda


Kasekese, Mpanda
20 Aprili 1998

Kwa mke wangu Kabula, uliyenikimbia ukaniachia huyu mkongwe Nyanzala,

Salamu zako zimefika zimelowa. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu, yaani sehemu zinazofanya kazi zinafanya kazi. Bibi yako anasema nikuandikie kwamba mimi ni mlafi. Nimeandika. Mpunga wetu umemezwa na maji, lakini karanga za mama yako Theopista zimekubali. Shangazi yako kaleta samaki, migebuka ya Karema, tukala mpaka paka akatuchukia. Mwandiko unisamehe, darasa la nne mimi nililiona kupitia dirisha.

Baba yako amenikataza nisikuandikie habari za ng'ombe wa Mabula, na mimi ni mtu mtiifu. Kwa hiyo sikuandikii kwamba Mzee Mabula wa Misunkumilo alikuja hapa na wazee wenzake, wakala kuku wetu, wakamtaja kijana wao Mwandu, na wewe ukatajwa. Wala sikuandikii kwamba baba yako alisema ndiyo kabla kuku hajaiva. Wala sikuandikii kwamba wameniteua mimi niwapitie ng'ombe wa mahari wakiletwa baada ya mavuno. Si unajua kwetu, ng'ombe haingii zizini mpaka mzee aliyeteuliwa amtazame mmoja mmoja aseme huyu aingie, huyu arudi kwao. Nilipouliza, "Na Kabula mwenyewe kasemaje?" baba yako alinitazama kama nimeuliza ndama kasemaje.

Basi hayo yote sijakuandikia. Tuje kwenye mbwa.

Bibi yako nimemsomea. Akauliza, "Hao mbwa wanabweka?" Nikasema wanabweka. "Wananuka?" Hawanuki. Akasema, "Basi hao si mbwa, ni wageni."

Sikiliza sasa. Anayejifunza huanza na pembe, kwa sababu pembe ziko juu na zinang'aa. Wenye ng'ombe wabaya wanalijua hilo, ndiyo maana wanazipaka mafuta. Wewe anza chini. Kwato, goti, halafu ndiyo upande. Tena, mnyama aliyesimama ni mwongo. Akisimama, hata kilema ni mzima. Mwambie atembee, na wewe kaa nyuma yake. Mbele kila mtu anajipanga. Nyuma hajipangi mtu. Na usiulize wa nani mpaka umalize. Ukishajua wa nani, macho yanaacha kutazama yanaanza kuongea.

Halafu mkono. Lazima umpapase. Hapa ndipo mbwa wako wananishinda, maana ukipapasa unapapasa kioo. Labda umpapase mwenye mbwa.

Ni mimi mumeo wa kwanza,
Ndaki


Dar es Salaam
30 Mei 1998

Babu,

Shikamoo. Mimi sijambo, joto tu. Nimefurahi kwamba kuna habari nyingi hukuniandikia. Nami sitazijibu.

Maonyesho yangu ya kwanza yameisha. Nilianza chini kama ulivyosema. Kulikuwa na mbwa mweusi mwenye kofia na utepe shingoni, chama kizima kinamsifu. Nikatazama miguu, nikakuta mmoja umekatwa na ukingo wa picha. Nikamweka karibu na mkia wa orodha. Wa kwanza nikampa mbwa wa rangi ya udongo aliyepigwa picha akiwa katikati ya hatua, mguu mmoja juu. Mwenye mbwa wa kofia akaandika barua ndefu ya machozi, akaituma kwa wanachama wote.

Aurélie akanikaripia. Si kwa uamuzi, kwa maneno. Mimi nilikuwa nimeandika tu, "Mguu haupo." Kumbe kila mnyama, hata wa mwisho, huandikiwa kadi: kwanza jambo lake zuri, kisha kasoro, kisha neno la kumtia moyo. Na sheria kubwa kuliko zote: mwamuzi haamui mnyama wa nyumbani kwake. Akiwa na ujamaa na mshindani, anakaa pembeni. Nimejifunza na jambo jingine, kwamba huyu mwalimu wangu ana miaka kumi na tatu. Namwogopa vilevile.

Kwenye kifurushi kuna yai la plastiki, nimelinunua Kariakoo ili uelewe ninachosema. Ndani yake anakaa mnyama. Akilia, bonyeza cha kushoto umlishe, cha katikati umsafishe, cha kulia umchezeshe. Usipomtunza anakufa. Nyuma pana kitundu kidogo. Ukichoma kwa kitu chenye ncha, anaanza upya akiwa mchanga, kana kwamba hakufa mtu. Lakini sisi waamuzi, anayechoma kitundu halafu akadai mnyama wake ni mzee, tunamfuta.

Baba mwambie nina kazi nyingi.

Kabula

N.B. Hao ng'ombe usioniandikia habari zao, ni wa rangi gani?


Kasekese
2 Agosti 1998

Mke wangu,

Huku ni upepo na vumbi, mahindi yako ndani, bibi yako anakohoa lakini akikohoa anapumzika kunisema, kwa hiyo nyumba ina amani. Mama yako hajambo. Baba yako nitakuja kwake.

Yai nimelipokea. Mnyama nimemwita Mwandu, maana siku hizi sina jina jingine mdomoni. Analia usipomtazama, anakula bila kushukuru, anakunya alipokaa, na maziwa hatoi. Bibi yako anasema kwa tabia hizo ameshapata mume wa pili. Lakini yuko hai! Mwalimu mmoja wa shule aliyewahi kuyaona mayai haya anasema hayamalizi mwezi. Langu limepita huko, linaendelea. Ni jicho la mfugaji. Na huo mwiba wa mgunga ninaotembea nao mfukoni, ambao najua bibi yako atakupelekea maneno, ni wa kuchokonolea meno. Najua nimebaki na manne. Manne nayo yanataka matunzo.

Sasa yale ya kutokuandikia. Wamekuja. Wengi weupe, na majike mawili ya rangi ya udongo kama mbwa wako yule. Wameoshwa mpaka wanaona haya. Baba yako kavaa koti kwenye jua lile.

"Ndaki," Mzee Mabula akasema, "tazama, useme."

"Watembee."

Wakatembea, nikakaa nyuma. Kabula, nilitafuta kasoro kama mama mkwe. Hakuna. Kwato nzima, magoti mazima, viwele vinapendeza. Nikaona leo nimekwisha. Nikisema wabaya, mimi ni mwongo, na Usukuma nzima itacheka jicho langu. Nikisema wazuri, umeshaolewa, na wewe uko huko unapanga mbwa hujui lolote.

Palepale yai likalia ndani ya koti langu.

"Nini hicho?" Mabula akaruka.

"Ni Mwandu," nikasema. "Ana njaa."

Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo kwenye uzio wa miiba akajibu kwa adabu kabisa, "Hapana, babu, mimi nimeshakula."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakasogea. Alipoelewa akacheka na yeye, tena kuliko wote. Hilo nimemwandikia upande wa jambo zuri.

Kicheko kilipotua nikasimama. "Wazee, mimi siwezi kuamua hapa. Sheria inakataza. Mwamuzi haamui jambo la nyumbani kwake. Kabula ni mke wangu, nani hajui? Mwanamume gani mwenye akili anaitwa awasifu ng'ombe wanaomwondoa mkewe?"

"Baba," baba yako akasema meno yamefungwa, "huo ni utani."

"Ni utani. Anayeukana asimame."

Hakusimama mtu. Utani wa babu na mjukuu, ukiukana mbele ya wakwe, utakuwa umebaki na nini?

"Basi ateuliwe mwingine," Mabula akasema.

"Mzee akishateuliwa habadilishwi mpaka afe, na mimi mwaka huu sina mpango huo. Ila anaruhusiwa kumtuma mwanafunzi wake. Mimi ninaye mmoja. Yuko Dar es Salaam, anaamua mbwa wa Ulaya. Akiamua, watu wanalia."

Basi ng'ombe wamerudi Misunkumilo. Hawajakataliwa, hawajapokelewa. Baba yako haniongeleshi. Akitaka kunitukana anamwambia bibi yako aniambie, na bibi yako anaongeza ya kwake. Kesi iko mikononi mwako, mke wangu. Toa kadi.

Ndaki


Dar es Salaam
10 Septemba 1998

Babu,

Natumaini kikohozi cha bibi kimepungua, na amani kidogo pia.

Barua zenu zimefika siku moja: yako, ya baba, na ya mama. Ya mama haisemi kitu, ila imekuja na karanga na picha. Ya baba ni fupi: "Usituaibishe." Nimeisoma kama ninavyosoma picha za mashindano, nikianzia chini, nikitafuta mahali aliponiuliza. Sikupaona. Nililia kidogo chooni, nikarudi kupiga chapa.

Aurélie amenipitisha. Mimi sasa ni mwamuzi kamili, na jina langu limewekwa pamoja na ya wengine. Kwa hiyo unataka kadi, hii hapa:

Ng'ombe wa Mzee Mabula. Jambo zuri: miguu, viwele, na wale wawili wa rangi ya udongo. Kasoro: si wao ninaoambiwa niishi nao. Neno la kutia moyo: wapumzike, majani ya Misunkumilo yanatosha.

Huyo Mwandu nimeletewa picha yake tu, ile aliyoweka mama. Amepigwa studio, amesimama, mkono mmoja juu ya kiti. Amesimama vizuri. Lakini ni wewe uliyenifundisha habari za waliosimama.

Mtu akiwa na shughuli zake Dar es Salaam, ofisi yetu hufungwa saa kumi na moja. Simwiti. Simfukuzi.

Na yai nirudishie nilikague. Umri wake umeanza kunitia mashaka.

Kabula


Kasekese
25 Oktoba 1998

Mke wangu,

Tuko wazima, tunangoja mvua kwa woga, maana ya mwaka jana ilikuja na magodoro yake. Bibi yako amepona, amani imekwisha.

Kijana anakuja na treni ya wiki hii. Amemwambia baba yake anakwenda kutafuta dawa ya josho. Mzee Mabula akaja kuniuliza kama ni kweli dawa ya Dar ni bora. Nikamwambia dawa ya Dar haina mfano, kupe wanakufa kwa kusikia jina. Baba yako alikuwepo. Alinitazama, akatazama chini. Sijui kama ameelewa. Nadhani ameelewa.

Yai nimempa yeye alitunze njiani. Nimemwambia, "Likifika limekufa, mke wangu atajua wewe ni mfugaji wa namna gani." Akalishika kama kifaranga. Nikaona huruma, nikampa na mwiba wangu. Akauliza wa nini. Nikamwambia wa meno, nikamwonyesha kile kitundu kwa bahati mbaya.

Wewe fanya kazi yako. Anza chini.

Mumeo anayekaribia kuachwa,
Ndaki


Dar es Salaam
12 Novemba 1998

Babu,

Shikamoo, na bibi shikamoo. Dawa ya josho imenunuliwa, ili usionekane mwongo.

Amefika. Nilimwona kutoka dirisha la ghorofani kabla hajajua ni jengo lipi. Anatembea kama anayefuata ng'ombe, hata mjini: hana haraka, kichwa kimeinama upande kidogo. Alipita mlango wetu, akarudi, akapita tena. Nikapata muda wa kutosha wa kumtazama kwa nyuma. Nikashuka.

Baada ya salamu akaweka yai mezani. Kioo kilikuwa na msalaba.

"Lilifia Tabora," akasema. "Tulilala stesheni kungoja treni ya huku. Kulikuwa na mtoto analia, mama yake hana la kumpa. Nikampa yai achezee. Akalilisha, akalilisha, mpaka likafa kwa kuvimbiwa."

Kisha akaweka mwiba pembeni yake.

"Na huu babu alinipa. Alisema wa meno."

"Umeutumia?"

"Meno yangu mazima."

"Na kitundu cha nyuma, ulikiona?"

"Nilikiona. Babu alinionyesha kwa bahati mbaya mara nyingi sana."

"Sasa mbona hukuchoma? Mimi ningejuaje?"

Akageuza kofia yake mikononi. "Sikujui," akasema. "Sijui kama unapenda kufichwa au kuambiwa. Nikaona nije nikuulize."

Babu, tangu Machi baba hajaniuliza, Mzee Mabula hajaniuliza, na wewe mwenyewe uliniuliza kwa kupitia ng'ombe. Huyu kauliza kwa mdomo. Akauliza na la pili, ambalo sikuandikii. Nikamwambia kazi siachi, na mbwa siachi. Akafikiri, akasema, "Hao mbwa naweza kuwaona?"

Nikamwashia kompyuta. Nikamfungulia picha ya yule mweusi mwenye kofia, sikumwambia neno. Akamtazama. Kofia hakuitaja, utepe hakuutaja. Alianza chini.

"Huyu," akasema, "mguu wake mwingine uko wapi?"

Basi kadi yake ni hii. Jambo zuri: lipo. Kasoro: ameua mnyama wa mzee wa watu. Neno la kutia moyo: Dar es Salaam kuna treni ya kuja pia, si ya kurudi tu. Nafasi: bado natazama.

Kabula


Kasekese
6 Desemba 1998

Mke wangu,

Mvua imeanza kwa adabu. Wote wazima.

Kijana amerudi na dawa, na ana uso wa mtu aliyepandishwa darasa. Msiba wa yai nimeupokea. Lilikuwa la umri mkubwa, nani atashangaa.

Kadi yako nilimsomea baba yako. Ikabidi aniongeleshe, maana bibi yako alikuwa kisimani. Akauliza, "Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?" Nikamwambia, hiyo ni bado natazama. Akauliza itakuwa bado mpaka lini. Nikamwambia mimi si mwamuzi, nilikwisha kukaa pembeni, kamwulize mwenyewe. Akatoka. Nikadhani amekwenda kunisema kwa majirani.

Kumbe kaenda kuazima kalamu. Yuko hapo nje amekaa kwenye kinu, anaandika, anafuta, anaandika, jasho linamtoka kama anachimba kisima. Nimepita nyuma yake nikachungulia. Sikusoma yote, mimi ni mtu mwenye heshima zake. Nimeona mstari wa kwanza tu, Kabula. Ni swali.

Mwiba wangu urudishe. Meno yananisumbua.

Ndaki